Nukta Chini ya Herufi ya Sita

Kiwandani walimwita Kamusi. Mwanzoni lilikuwa jina la kumkejeli, miaka ishirini na miwili nyuma, alipoingia kwenye kile kiwanda cha uchapaji akiwa msichana mwembamba anayebishana na wahariri wenye mvi kwa ajili ya mkato mmoja. Kejeli ikachakaa, ikabaki heshima. Kazi yake ilikuwa kusoma prufu. Karatasi ya majaribio ikitoka, kabla mashine kubwa haijaanza kuvurumisha maelfu ya nakala, lazima ipite mezani kwake asome kila neno, la Kiswahili na la Kiingereza, kisha atie sahihi pembeni kwa wino mwekundu. Bila sahihi hiyo hata Bosi mwenyewe hakuruhusiwa kuwasha mashine, na Bosi alikuwa mtu wa kuwasha kwanza na kufikiri baadaye.

Sasa nikuambie kitu ambacho kiwandani hawakukijua. Kamusi alikuwa haoni.

Si kwamba alikuwa kipofu. Aliona mlango, aliona kikombe, aliona mtu na kumtambua kwa mwendo wake. Herufi ndizo zilizomkimbia. Zilianza kufanya ukungu, zikafanya moshi, mwisho ukurasa mzima ukawa kijivu kitupu. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na dawa yake ni upasuaji, lakini orodha ya wanaongoja ni ndefu na zamu yake ingefika mwezi wa tisa, mwaka na nusu mbele.

Mwaka na nusu! Mtu mwingine angekwenda kwa Bosi akamweleza. Kamusi hakuthubutu, kwa sababu alikumbuka mzee aliyekalia kile kiti kabla yake. Mzee yule alionekana Jumatatu akisogeza karatasi hadi puani, na Ijumaa alikuwa anatoka getini na vitu vyake kwenye mfuko. Kiti chake cha dirishani akapewa Kamusi, naye akakikalia bila kuuliza mzee amekwenda wapi. Basi akaimeza siri yake, akaamua kupiga moyo konde hadi mwezi wa tisa. Alimwambia mtu mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa mdogo wake.

Ungekuwa wewe ungemwambia nani? Mama yao alifariki mdogo mtu akiwa na miaka minne. Kamusi ndiye aliyembeba mgongoni, akamsuka, akamfundisha kusoma kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa sabuni. Alipokua alimchukua akaishi naye, kisha akamwombea kazi kiwandani, kwanza ya kupanga kurasa, baadaye ya usaidizi pale pale mezani kwake. Wote walimwita Mdogo wa Kamusi. Hata kwenye orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani, mtu alikuwa ameandika hivyo hivyo na hakuna aliyeona haja ya kurekebisha.

Katika kazi ile wasomaji ni wawili. Msaidizi hushika nakala ya mwandishi na kuisoma kwa sauti, na msoma prufu hufuata kwenye prufu kwa ncha ya kalamu. Na si kusoma kama unavyosoma wewe gazeti. Kila alama hutamkwa: mkato, nukta, aya mpya. Herufi kubwa haitamkwi, hugongwa mezani kwa fundo la kidole. Neno la Kiingereza lenye mitego husomwa herufi moja moja, kwa sababu ukilitamka zima jicho hulirukia na kuona linachokitaka. Kamusi alikuwa na amri moja tu kwa kila msaidizi aliyepita mikononi mwake: "Soma kilichopo. Usisome unachokijua."

Macho yalipoharibika wakabadilishana. Mdogo mtu ndiye aliyesoma, tena alisoma kutoka kwenye prufu yenyewe, na dada mtu akakaa na nakala ya mwandishi mapajani, anafungua kurasa kwa wakati wake kama mtu anayefuata, anasahihisha kwa masikio. Mdogo mtu akitilia shaka herufi aliweka nukta ya penseli chini yake, akauliza, akajibiwa. Pembeni ya mstari ikaandikwa alama nyekundu, ya vema ikiwa hakuna tatizo, ya kosa ikiwa lipo. Kila nukta ilikuwa na jibu lake pembeni. Kazi ikiisha nukta zilifutwa kwa raba, Bosi asije akauliza ni za nini.

"Punguza mkono, utatoboa karatasi," Kamusi alimwambia kila siku, maana alisikia penseli inavyokandamizwa.

"Karatasi ya kiwanda hiki, Dada? Hii hata risasi haipiti."

Wakacheka. Walikuwa chanda na pete, na mchezo wa kazini waliuhamishia nyumbani. Asubuhi mdogo mtu alipiga kelele toka jikoni: "Chai tayari nukta. Sukari imekwisha mkato nani kaimaliza alama ya kuuliza." Kamusi chumbani akagonga ukuta mara moja, maana yake sentensi imeanza bila herufi kubwa.

Ila lilikuwepo neno moja la Kiingereza lililomtoa jasho mdogo mtu, nalo ni supersede. Lilikuja mara kwa mara, kwani kila ofisi ikitunga kanuni mpya hupenda kutangaza kwamba zile za zamani hazitumiki tena. Akianza, s-u-p-e-r, hapo sauti inakwama.

"Dada, hapa ni s au c?"

"Karatasi inasemaje?"

"Inasema s. Lakini roho yangu inataka c."

"Roho yako haijasoma shule. Supersede haina c hata moja. Unadanganywa na wenzake, akina precede na concede. Wale wanajuana wao kwa wao, huyu hana undugu nao. Herufi ya sita ni s, ikae kichwani."

"Na maana yake?"

"Kitu kipya kinashika nafasi ya cha zamani, na cha zamani kinakoma. Kanuni mpya supersede kanuni za zamani. Barua ya leo supersedes barua ya jana. Usiongeze over, usiongeze on, neno linajitosheleza."

"Hata mtu anaweza kumfanyia mtu mwenzake?"

"Anaweza. Ila kwa mtu mimi nisingelitumia. Lina ubaridi."

Mdogo mtu akaandika kwenye daftari lake. Wiki iliyofuata likaja tena, akakwama tena pale pale. Ikawa utani wa kudumu kati yao. Kamusi akisikia s-u-p-e-r alikuwa tayari anatabasamu.

Mwezi wa saba ikaja kazi ya chuo cha ualimu: kijitabu cha kanuni mpya, nakala elfu mbili. Prufu ikawekwa mezani, mdogo mtu akasafisha koo, akaanza. Mstari wa tano wa ukurasa wa kwanza ulikuwa huo: *These regulations supersede all earlier regulations.* Akagonga meza kwa herufi kubwa ya mwanzo. Akalifikia neno. S-u-p-e-r, akakohoa kidogo, s-e-d-e. Akaendelea na mstari kama mtu anayeteremka ngazi za kwao.

Kamusi hakuamini masikio yake. Aliweka nakala chini akampigia makofi, palepale ofisini, watu wakageuka.

"Umelimudu! Leo hujauliza!"

"Hata mimi nimeshangaa, Dada."

Furaha aliyokuwa nayo Kamusi siku ile ilikuwa ya mama aliyeona mtoto kasimama dede. Alitoa kalamu yake nyekundu, ile ya miaka mingi yenye mfuniko uliong'atwa, akamtia mdogo wake mkononi. "Hii yako sasa. Niazime nisaini tu." Akaongozwa kidole hadi pembeni ya karatasi, akatia sahihi, akairudisha kalamu kwa mwenyewe mpya.

Wiki tatu baadaye lori lilirudi kiwandani na vijitabu vyote elfu mbili.

Usicheze na wanafunzi wa ualimu. Walikuwa wamebandika ukurasa wa kwanza kwenye ubao wa matangazo wa chuo, wakalizungushia neno wino mwekundu na kuandika kando yake: "Sifuri. Rudia." Kwenye kila nakala ilisomeka SUPERCEDE, na c iliyonona katikati. Mkuu wa chuo hakupiga simu, alituma lori.

Bosi alimwita Kamusi ofisini kwake, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Kaa."

"Nasimama tu, Bosi."

"Kaa, Kamusi." Akamsogezea karatasi. "Nisomee mstari wa tano."

Kamusi aliishika karatasi kwa umbali wa mtu mwenye macho mazima, hilo alikuwa amelifanyia mazoezi. Ukurasa ule alikuwa nao kichwani, akausoma bila kuyumba. "These regulations supersede all earlier regulations. S-u-p-e-r-s-e-d-e. Liko sawa, Bosi. Kama kuna kosa limetokea mashineni, baada ya sahihi yangu."

Bosi akasema taratibu, na afadhali angefoka: "Hiyo niliyokupa ni tangazo la mnada wa magari."

Kamusi alisikia saa ya ukutani, akasikia mashine chini zikiguruma, akasikia aibu ikimpanda toka miguuni. Bosi akachukua tangazo la mnada, akaweka mezani prufu yenyewe.

"Prufu hii hapa. Kosa limo, na sahihi yako imo. Macho hayaoni tangu lini?"

"Mwaka na zaidi."

"Ungeniambia ningekupa likizo ukatibiwe. Lakini umenisainia karatasi usizoziona. Nitamwambia nini mkuu wa chuo?" Akaitia prufu kwenye bahasha ya kaki, akampa pamoja na barua ya kuachishwa kazi. "Kaa nayo. Siku ukiona tena, uisome."

Unga ukawa umemwagika. Miaka ishirini na miwili, akatoka getini na vitu vyake kwenye mfuko, kama yule mzee.

Nyumbani mdogo mtu alilia hadi akapaliwa. Alipiga magoti, akakumbatia miguu ya dada yake. "Niue, Dada. Macho yangu yalichoka, niliona s. Naapa niliona s." Na Kamusi, ambaye kazi ilikuwa imemtoka mkononi siku hiyo hiyo, ndiye aliyembembeleza. Alimfuta machozi kwa kanga yake, akamwambia hata yeye miaka ile aliwahi kupitisha kalenda yenye Jumatano mbili. Kosa ni la mwenye sahihi, akamwambia. Wewe ulinisaidia tu.

Siku mbili baadaye mdogo mtu alirudi ameinamisha kichwa. Bosi alikuwa amempa kile kiti.

"Nikatae, Dada? Sema neno moja, kesho nakataa."

"Ukatae ili apewe nani? Kalia. Kiti kibaki nyumbani."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Nikikumbuka hapo huwa natamani ningekuwepo nimfinye.

Baada ya hapo nyumba ilibadilika kidogo kidogo. Ule mchezo wa chai tayari nukta ukafa wenyewe. Mdogo mtu alianza kuvaa viatu vya kisigino, akirudi anavivulia sebuleni na kusema miguu inamuua, kwa sauti ya mtu anayefurahia kuuawa. Kiwandani, alisimulia, sasa wanamwita Msomaji. Alilitaja jina hilo mara tatu katika mlo mmoja. Na mwezi wa tisa ulipokaribia akaanza hofu ambazo hakuwa nazo zamani.

"Hivi huo upasuaji wa nini, Dada? Kuna watu wameingia wanaona kidogo wakatoka hawaoni kabisa. Pumzika tu. Mimi si nipo?"

Kamusi alimshukuru kwa kumjali, ila zamu hakuiachia. Alimwomba Wino, fundi wa mashine, rafiki yake wa miaka yote kiwandani, ampelekee Bosi cheti cha daktari kinachosema macho yanatibika. Cheti hicho aliwahi kumpa mdogo wake akipeleke, akaambiwa kimepotea njiani. Akaomba kingine, wala hakulifikiria zaidi.

Kamusi alikuwa na binti mmoja anayejitegemea, na huyo ndiye aliyempeleka hospitali. Walianza na jicho la kulia. Kesho yake asubuhi muuguzi alipobandua bandeji, kitu cha kwanza alichokiona Kamusi kilikuwa kifungo cha sare ya muuguzi: matundu manne, na uzi mmoja uliochomoka. Akakiangalia kile kifungo akalia, hadi muuguzi akamkataza asije akaharibu kazi ya daktari.

Saa sita alikuwa nyumbani, na miwani ya jua aliyopewa kukinga mwanga. Binti yake akarudi kazini. Kamusi alimkataza asimwambie mtu, alitaka kumshtukiza mdogo wake: akiingia tu, amsomee kwa sauti chochote kilichoandikwa kwenye mfuko wake. Akazunguka nyumba akisoma. Alisoma kopo la dawa ya meno, alisoma kalenda, alisoma pasi.

Wino akapiga simu. "Dada Kamusi, cheti nilimfikishia. Leo asubuhi kwa macho yangu nimemwona Bosi akimkabidhi mdogo wako barua yako. Iliyomo siijui, lakini Bosi alikuwa anacheka."

Basi akiwa anasubiri barua akaikumbuka bahasha ya kaki. Ilikuwa chini ya godoro, hajaigusa tangu siku ile. Siku ukiona tena, uisome. Akaitoa prufu akaitandaza mezani karibu na dirisha.

Kosa lilikuwepo, halikujificha. SUPERCEDE lilimkodolea macho toka mstari wa tano, na pembeni palikuwa na sahihi yake iliyopinda kama ya mlevi. Alicheka kwa uchungu. Kisha akafanya kile ambacho vidole vyake vilikuwa vimejifunza katika ule mwaka na nusu wa moshi: akapapasa karatasi. Chini ya ile c kidole kikaingia kwenye kishimo.

Aliinamisha karatasi kwenye mwanga. Palikuwa na nukta pale, ya mkono mzito, iliyofutwa kwa raba. Penseli ilikuwa imetoka, shimo limebaki. Akatafuta nyingine akazipata tatu katika ukurasa ule, na kila moja ilikuwa na alama yake nyekundu pembeni, vema, kosa, vema. Nukta ya herufi ya sita peke yake haikuwa na jibu. Haikuwa na jibu kwa sababu haikuulizwa.

Kamusi alikaa. Akakisikia tena kile kikohozi, s-u-p-e-r, kikohozi, s. Mkono ulikuwa umeweka nukta kwa mazoea, kwa hiyo jicho lilikuwa limeiona c. Kikohozi kilikuwa muda wa kuamua. Kilichotoka mdomoni baada ya hapo hakikuwa kwenye karatasi, kilikuwa kwenye daftari, kile alichomfundisha mwenyewe. Alikuwa amesoma anachokijua. Na yeye Kamusi akapiga makofi, akatoa kalamu.

Hapo mengine yakajipanga bila kuitwa. Bosi asingempa tangazo la mnada bila kunong'onezwa na mtu, na waliojua habari ya macho walikuwa daktari na mdogo wake. Cheti kilichopotea njiani. Wengine wametoka hawaoni kabisa.

Lakini mtu uliyembeba mgongoni huwezi kumhukumu kwa kishimo cha penseli. Kamusi alimtafutia visingizio kama wakili. Labda alisahau. Labda aliitilia shaka, akajiona amekosea yeye, akaona haya kuuliza mara ya mia. Akairudisha prufu kwenye bahasha, akavaa miwani yake ya jua, akakaa sebuleni. Akajiambia: barua ndiyo itakayoamua.

Mdogo mtu aliingia saa kumi na moja, akavua viatu.

"Vipi jicho, Dada?"

"Daktari kasema tuvute subira."

"Si nilikwambia." Ilitoka haraka mno, akaipaka huruma juu yake. "Pole. Pole sana, dada yangu."

"Wino kasema una barua yangu."

Mkoba ulikuwa unafunguliwa, ukasimama. "Aa, ipo. Nilitaka kwanza upumzike."

"Nimepumzika. Nisomee."

Wakakaa kama walivyokaa mwaka na nusu, bega kwa bega, msomaji kulia na msikilizaji kushoto. Bahasha ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mdogo mtu akaikunjua karatasi, akaishika palepale mbele ya miwani ya dada yake, bila wasiwasi hata kidogo. Bosi aliandika barua zake rasmi kwa Kiingereza, kwa hiyo alisoma akitafsiri.

"Anasema, 'Mama, tumepokea cheti cha daktari wako, asante.' Aya mpya. 'Tunakushukuru kwa miaka ishirini na miwili ya kazi njema. Tunakutakia mapumziko mema na familia yako.' Nukta. Amesaini." Akashusha pumzi. "Angalau amekukumbuka, Dada. Wengine hata asante hawapati."

Kamusi alikuwa amefuata mstari kwa mstari. Cheti kimepokelewa, ndiyo. Miaka ishirini na miwili, ndiyo, ilikuwemo. Mapumziko hayakuwemo popote. Katikati ya karatasi, kwa chapa safi nyeusi, palikuwa na mistari mingine miwili. Wa kwanza ulisema *This letter supersedes our letter of 12 August.* Hiyo ya Agosti ndiyo iliyomwachisha kazi. Uliofuata ulisema arudi kwenye kiti chake Jumatatu ijayo, na mdogo wake atarudi kwenye usaidizi. Bosi aliliandika lile neno vizuri, herufi ya sita ikiwa s. Lori la vijitabu lilikuwa limemfundisha.

Hasira haikuja. Kilichokuja ni baridi, kuanzia mabegani, na hamu ya ajabu ya kumwona mama yao.

"Umeruka mstari," akasema.

"Mstari gani?"

"Wa katikati. Unaanza na herufi kubwa, na wewe hukugonga."

Akavua miwani. Mdogo mtu akaliangalia lile jicho la kulia, jekundu bado, likimtazama yeye, kisha karatasi, kisha yeye. Kamusi akaitoa prufu kwenye bahasha akaiweka mapajani mwa mdogo wake, akamshika kidole cha shahada kama alivyokuwa akimshika alipomfundisha kusoma, akakiweka kwenye kishimo.

"Nilikwambia upunguze mkono."

Mdogo mtu akalipuka. "Sikuliandika mimi! Nililikuta! Dada, mwaka na nusu nasoma mimi, macho yanauma mimi, kila kazi ikitoka safi wanasema Kamusi, Kamusi! Wewe ulikuwa unakaa tu na makaratasi mapajani. Kuna mtu pale aliwahi hata kuniuliza jina langu? Mdogo wa Kamusi! Hadi kwenye orodha ya zamu!"

"Ungeniambia."

"Nikwambie nini?"

"Hivyo hivyo unavyoniambia sasa. Ningekwenda kwa Bosi nikamwambia kiti ni chako, unakistahili. Kweli unakistahili, nimekufundisha mimi." Akaigonga prufu kwa kidole. "Lakini uliliona kosa, ukaliwekea nukta, halafu ukanisomea lingine. Na mimi nikakupigia makofi. Mbele ya watu."

Mdogo mtu alifunika uso.

"Soma ule mstari," akasema Kamusi.

"Dada..."

"Soma. Kilichopo."

Mdogo mtu akagonga meza kwa fundo la kidole, kwa herufi kubwa, akasoma kwa sauti iliyojaa machozi, This letter, kisha s-u-p-e-r-s-e-d-e-s, hakuuliza, hakukohoa, akamaliza hadi tarehe na nukta. Akausoma na ule wa Jumatatu. Kamusi alisikiliza hadi mwisho, akaichukua barua, akaikunja mara mbili, akanyoosha kiganja. Mdogo mtu alielewa. Akapekua mkoba, akatoa ile kalamu nyekundu yenye mfuniko uliong'atwa, akaiweka kiganjani.

"Jumatatu nitakwenda peke yangu," akasema Kamusi. "Msaidizi nitajitafutia."

"Dada, mimi ni damu yako."

"Najua," akasema Kamusi. "Ndiyo maana nilisaini."